Pofu, Mnyama Afananaye na Ng'ombe

Chukua kwamba unaishi Milanzi, karibu na mji wa Sumbawanga. Mapema asubuhi utawaona maksai wakifungwa nira na kupelekwa shambani, na ng'ombe wengine wakitolewa zizini kwenda malishoni. Mwangalie maksai mmoja kwa makini. Kila mguu wake una kwato iliyogawanyika sehemu mbili. Kichwani ana pembe. Mchana alalapo kivulini, taya lake huendelea kusagasaga ingawa hana majani mbele yake. Mambo hayo umeyaona tangu utoto wako, na huenda hujapata kujiuliza sababu yake.

Katika somo hili tutajifunza habari za mnyama wa porini ambaye ana mambo hayo yote, lakini halali zizini wala havuti plau. Jina lake ni pofu. Mahali pengine huitwa mbunju. Jina la pofu lisikupoteze. Twajua kwamba neno hilo hutumika pia kwa mtu au mnyama asiyeona. Mnyama huyu huona vizuri sana, na mara nyingi humwona mtu na kuondoka kabla mtu hajamwona yeye.

Katika mashamba ya Milanzi hutamkuta pofu leo. Nchi ya Ufipa ni uwanda wa juu. Mji wa Sumbawanga uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya uwanda huo sasa ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, pamoja na malisho. Ukielekea mashariki utafika ukingoni, ambapo ardhi hushuka ghafula mpaka Bonde la Ziwa Rukwa. Ukielekea kaskazini kwa barabara iendayo Mpanda, utapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Huko ndiko kwenye misitu mikubwa ya miombo, na huko pofu wapo.

Umbo la pofu

Pofu ni mmoja wa wanyama wakubwa kabisa katika jamii ya swala. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilogramu 500 au 600, na madume machache hufikia kilogramu 900. Ili uelewe uzito huo, fikiri magunia ya mahindi ya kilogramu 100 kila moja. Dume wa kawaida ana uzito wa magunia matano au sita. Dume mkubwa sana ana uzito wa magunia tisa. Jike ni mdogo zaidi, naye huwa na uzito wa magunia matatu au manne, pengine kupita kidogo. Mtu mzima wa kimo cha kawaida akisimama kando ya dume, bega la mnyama huyo humfikia karibu na macho.

Rangi ya pofu ni kahawia iliyopauka, kama udongo mkavu wa kichuguu. Ubavuni mna mistari michache, myeupe na myembamba. Dume azeekapo, manyoya yake hupungua na ngozi huonekana, hata mwili wote huwa kama wa rangi ya kijivu. Chini ya koo lake huning'inia ngozi pana, nayo huzidi kuwa kubwa kadiri miaka yake inavyoongezeka. Juu ya paji la uso humea shungi la nywele nyeusi zenye harufu kali.

Pembe za pofu zimesokotwa kama kamba. Dume na jike wote wanazo. Pembe za jike ni nyembamba na mara nyingi ni ndefu kuliko za dume. Za dume ni nene, kwa sababu yeye huzitumia kusukumana na madume wenzake. Basi usiseme kwamba kila pofu mwenye pembe ni dume. Wageni wengi hukosea hapo.

Kucheua

Sasa turudi kwa yule maksai alalaye kivulini akisaga kitu kisichoonekana. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Anapokula, ng'ombe humeza majani haraka bila kuyatafuna sana, nayo huingia katika chumba cha kwanza, ambacho ni kikubwa kama pipa. Humo wamo viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo huyavunjavunja majani magumu ambayo tumbo la ng'ombe peke yake lisingeweza kuyasaga. Baadaye ng'ombe hurudisha majani kinywani, donge baada ya donge, akayatafuna tena, kisha akayameza ili yapite katika vyumba vingine. Huku ndiko kucheua.

Tumbo la pofu ni la namna iyo hiyo. Naye pia hula kwanza, kisha hutafuta mahali salama pa kupumzika na kucheua. Kwa mnyama anayewindwa na simba jambo hili ni faida kubwa, kwa kuwa muda wa kuinamisha kichwa hupungua.

Lakini chakula cha wanyama hawa wawili si kimoja. Ng'ombe hula hasa nyasi. Pofu hula hasa majani ya miti na vichaka, matunda ya porini na machipukizi. Nyasi huzila wakati wa mvua zinapokuwa changa na laini. Midomo yake ni myembamba, nayo humwezesha kuchagua jani moja moja kati ya miiba. Tawi likiwa juu mno, dume hulishika kati ya pembe zake, akalipinda na kulivunja, ndipo akala majani yake. Wakati mwingine majike na ndama humfuata ili wale yale aliyoyaangusha.

Bila shaka umeona kwamba miti ya miombo huchipua mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati ardhi ingali kavu na mvua haijanyesha. Machipukizi yake ni mekundu kama shaba. Mizizi mirefu ya miti hiyo huvuta maji yaliyo chini sana ardhini. Wakati huo nyasi malishoni ni kavu na ng'ombe wako amekonda, lakini pofu porini ana chakula kibichi juu ya miti.

Pofu hupataje maji?

Ng'ombe akikosa maji siku mbili wakati wa joto, hudhoofika upesi. Pofu hunywa maji akiyapata, tena hunywa mengi. Lakini huweza kukaa muda mrefu bila kwenda mtoni. Maji yake huyapata wapi? Kabla ya kusoma jibu, fanya jaribio hili pamoja na wenzako.

Tafuta makopo mawili yasiyovuja, yaliyo sawa kwa ukubwa. Yatundike kwa uzi kwenye ncha mbili za kijiti kilichonyoka, kisha funga uzi mwingine katikati ya kijiti na ukining'inize. Sogeza uzi wa katikati mpaka kijiti kilale sawa. Sasa mna mizani. Katika kopo la kwanza tieni majani mabichi ya mti. Katika kopo la pili tieni mchanga kidogo kidogo mpaka kijiti kilale sawa tena. Uacheni mchanga huo ndani ya kopo. Yatoeni majani, myaanike juani kwa siku tatu juu ya mkeka, mkiangalia yasipeperushwe na upepo. Yakikauka, yarudisheni yote katika kopo lake. Mtaona kwamba upande wa majani umepanda juu. Sasa chukueni kijiko, mtie maji katika kopo la majani, kijiko kimoja kimoja, huku mkihesabu, mpaka kijiti kilale sawa kama mwanzo. Maji hayo mliyoyatia ni sawa na maji yaliyotoka katika majani yalipokauka.

Katika majani mengi mabichi, maji huwa zaidi ya nusu ya uzito wote. Basi pofu alaye kilogramu nyingi za majani kila siku huwa amekunywa pia, ingawa hajaenda mtoni. Asubuhi na usiku, hewa inapokuwa baridi, majani huwa na umande, na pofu hupenda kula wakati huo.

Kuna jambo la pili, nalo lina hadithi yake. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi C. Richard Taylor aliwachunguza pofu nchini Kenya. Mtu apatapo joto hutoka jasho. Jasho likikauka hupoza mwili, lakini maji hupotea. Taylor aliona kwamba pofu waliopata joto kali bila maji ya kutosha waliacha joto la miili yao lipande mchana, hata kufikia tofauti ya nyuzi 7 za sentigredi kati ya asubuhi na jioni. Usiku, hewa ilipopoa, miili yao ilipoa pia bila kutumia jasho. Kwa mnyama wa kilogramu 500, hiyo ni kama lita 5 za maji zilizookolewa kwa siku moja. Habari hiyo ilienea katika vitabu vingi.

Katika miaka ya 1990 wanasayansi wengine, huko Afrika Kusini, waliweka vipimajoto vidogo ndani ya miili ya pofu, kisha wakawaacha waishi huru porini. Je, waliona nini? Joto la miili ya pofu hao lilipanda kidogo tu. Mbona matokeo hayo hayakulingana na yale ya kwanza? Pofu aliyefungiwa hana pa kwenda. Pofu aliye huru husimama kivulini saa za jua kali, akala usiku, akachagua majani yenye maji. Mwili wake waweza kustahimili joto kubwa, lakini yeye hufanya kila njia asifikie hapo. Vitabu vingi bado hutaja uchunguzi wa kwanza bila kuutaja wa pili. Wewe yajue yote mawili.

Mlio wa miguu

Dume mkubwa akitembea husikika mlio mfano wa kijiti kikavu kinachovunjika: ta, ta, ta. Siku yenye utulivu mlio huo husikika mbali, hata kwa mtu asiyemwona mnyama mwenyewe. Watu wengi walidhani ni kwato zinazogongana. Wachunguzi hueleza kwamba mlio hutoka katika goti la mguu wa mbele, pale ambapo kano, yaani kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa, huteleza juu ya mfupa na kuachia ghafula.

Utafiti uliofanywa Kenya na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba dume mkubwa hutoa mlio mzito kuliko dume mdogo. Utaelewa sababu ukipiga zeze au gitaa: uzi mnene hutoa sauti nzito, na uzi mwembamba hutoa sauti nyembamba. Kwa hiyo dume aliye kichakani huweza kujua kwa masikio tu kama anayekuja ni mkubwa kuliko yeye. Akisikia mlio mzito huondoka, na vita haipigwi. Tena, dume mwenye uso mweusi na shungi kubwa huwa yu tayari kupigana, na ngozi pana ya koo huonyesha kwamba ana miaka mingi. Madume wakisomana ishara hizo, ni mara chache mmoja wao kuumia.

Ndama na kundi lake

Pofu jike huchukua mimba muda wa miezi tisa, kama ng'ombe, akazaa ndama mmoja. Ndama huyo huwa na uzito wa kilogramu 22 hadi 36. Siku za kwanza hujificha katika majani marefu, na mama yake huja kumnyonyesha. Kiasi cha majuma mawili yakipita, ndama hujiunga na ndama wenzake. Hapa pofu hutofautiana kabisa na ng'ombe. Ndama wa pofu hupendana sana. Hulambana, hulala pamoja na kutembea pamoja, hata huonekana kwamba kila mmoja amewazoea wenzake kuliko mama yake. Mama hurudi kunyonyesha, kisha huenda zake kula.

Fisi au mbwa mwitu wakitokea, majike hawakimbii wakawaacha ndama. Huungana, wakamkabili adui kwa pembe. Hata simba huweza kufukuzwa na majike wengi wenye ndama. Pofu mmoja peke yake hana bahati hiyo, kwa sababu si mkimbiaji hodari. Mwili mzito humchosha upesi akikimbia kwa kasi. Anachoweza ni kwenda mwendo wa matiti kwa saa nyingi. Anaweza pia kuruka. Mnyama huyo mzito kama magunia matano huruka kizuizi cha meta 2 na zaidi. Pima meta 2 ukutani pa darasa lako, kisha tazama juu.

Makundi ya pofu hayana mipaka wanayoilinda. Wakati wa mvua hukusanyika wengi, pengine mamia. Wakati wa kiangazi hutawanyika. Uchunguzi uliofanywa karibu na Nairobi ulionyesha kwamba dume huzunguka eneo la kilometa za mraba 40 hivi, lakini majike huzunguka eneo la kilometa za mraba 170 hadi 400 na zaidi. Katika Uwanda wa Nyika nchini Malawi, ambao ni uwanda wa juu wenye nyasi kama Ufipa, pofu hupanda kwenye nyasi za juu wakati wa mvua, na kiangazi hushuka kwenye misitu ya mabondeni.

Sotoka

Kwa kuwa pofu na ng'ombe ni ndugu, maradhi ya mmoja huweza kumwua mwingine. Katika miaka ya 1890 ugonjwa uitwao sotoka ulienea Afrika Mashariki. Ulisababishwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo kuliko bakteria. Mnyama mgonjwa alipata homa, vidonda vya kinywani na kuharisha, kisha akafa. Ng'ombe walikufa kwa maelfu na watu wengi wakafa njaa. Porini nyati na pofu walikufa vilevile.

Ugonjwa huo ulirudi mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ulipotokea kusini mwa Tanganyika, ulijengwa ua mrefu ili kuwazuia wanyama wa porini wasivuke mpaka na kuupeleka kusini. Lakini dawa hasa haikuwa ua. Ng'ombe walipochanjwa kila mahali, sotoka ilitoweka pia kwa wanyama wa porini, ingawa wao hawakuchanjwa. Hii ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe kwenda kwa pofu na nyati. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Kwa hiyo wewe hutauona ugonjwa huo zizini kwenu.

Je, pofu aweza kufugwa?

Watu wamejaribu. Huko Askania Nova, nchini Ukraine, pofu waliletwa kutoka Afrika tangu mwisho wa karne ya 19, na baadaye majike wakazoezwa kukamuliwa. Maziwa yao yana mafuta mengi kuliko yale ya ng'ombe wa kawaida. Nchini Kenya, katika miaka ya 1970, pofu walifugwa kwa majaribio huko Galana. Walizoea watu na kulala zizini. Hata hivyo pofu hakuchukua nafasi ya ng'ombe. Fikiri sababu: ua wa kumzuia lazima uwe mrefu sana, naye huhitaji miti mingi na nafasi kubwa ya kutembea. Ukimfungia mahali padogo humaliza majani yote upesi, kisha hukonda.

Haja hiyo ya nafasi ndiyo inayomtia mashakani hata porini. Miti ikikatwa kwa ajili ya mkaa, chakula chake cha kiangazi hupotea. Njia zake za kupanda na kushuka zikizibwa na mashamba, kundi hubaki upande mmoja. Mitego ya waya humnasa ndama na jike bila kuchagua, na kumwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Duniani pofu bado ni wengi.

Zoezi

1. Taja mambo matatu ambayo pofu na ng'ombe wanafanana, na mawili ambayo wanatofautiana.

2. Katika jaribio lenu, mlitia vijiko vingapi vya maji? Rudieni jaribio kwa kutumia nyasi kavu za kiangazi. Je, hesabu ni ile ile? Elezeni sababu.

3. Kwa nini pofu waliofungiwa na pofu walio huru hawakuonyesha joto sawa la mwili?

4. Dume mdogo amesikia mlio mzito kichakani. Unadhani atafanya nini, na kwa nini?

5. Mwulize babu, bibi au mzee mwingine wa kijijini kwenu kama aliwahi kuwaona pofu alipokuwa kijana, na ni mahali gani. Chora ramani ya mahali hapo katika daftari lako, uonyeshe mito, misitu na mashamba ya sasa. Leta ramani yako darasani mkailinganishe na za wenzako.